Mstari wa Shingoni

Mama yao, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuacha picha yenye shingo nzima katika nyumba yao ya Sib. Kopo la maziwa lenye mtoto anayecheka, kitabu cha skuli, hata kalenda ya dukani: alipiga mstari wa kalamu shingoni, kichwa kikatengana na kiwiliwili, basi si kiumbe tena. Zakiya aliirithi kalamu ile. Mdogo wake, Thani, alirithi ya kwake: alichora.

Alianzia kwenye katuni za Kijapani zilizokuwa zikionyeshwa kwa Kiarabu baada ya skuli. Siku alipopata kitabu chenyewe cha Kijapani alimkimbilia dada yake. "Tazama! Kinafunguliwa upande wa kulia, kama msahafu."

"Astaghfirullah, we mtoto," akajibu Zakiya, na kutafuta kalamu.

Thani akakua, akaajiriwa serikalini kuchora ramani za mitaro, akahamia Al Amerat. Baada ya Laasiri alikuwa akiinama mezani mpaka Isha. Alitoa vitabu viwili vya manga, hadithi za katuni za mtindo wa Kijapani: cha kinyozi wa Sib asiyetaka kustaafu, na cha mwanamke wa Qurayyat anayekausha papa. Vijana walimpangia foleni kwenye maonyesho ya vitabu. Wazee walimcheka: "Mmanga kuchora manga, kuna ajabu gani?" Zakiya hakwenda hata mara moja. Kila akimtembelea, neno lake lilikuwa lile lile.

"Siku ya Kiyama utaambiwa uwatie roho hao uliowachora. Utawatia kwa nini, Thani? Kwa wino?"

"Sasa dada, nikiwakata shingo watasemaje?"

"Wanyamaze."

Kitabu cha tatu kilimchukua miaka sita. Hakumwonyesha mtu ila Hisham, rafiki yake aliyempelekea kazi zake kwa mpiga chapa. Mwezi wa Shaaban moyo ukamwangusha. Hospitalini alimshika dada yake mkono.

"Karatasi zimo kabatini. Mpe Hisham akachape. Na hiki kisome, dada. Hiki tu."

"Ntampa, nnakuahidi." Kusoma hakuahidi.

Siku ya tatu ya msiba, jirani yao Bi Masouda aliuliza kama marehemu ameacha picha. Alipojibiwa ndiyo, akatikisa kichwa. "Maskini. Yeye yuko peke yake huko, na hao wa pichani wangali hapa wanamngoja."

Zakiya akaiweka kahawa chini. Kesho yake alifungua kabati. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ahadi ni deni, Hisham angepewa. Lakini ndugu yake hangemwacha aadhibiwe. Akachukua kalamu ya wino mzito, akasema bismillahi kwa kila ukurasa. Vichwa alivifunika kwa kiganja cha kushoto, maana angeziona nyuso angelia, na mkono ungeteleza. Shingo, na shingo, na shingo, tangu Adhuhuri mpaka Magharibi. Akalala usingizi wake wa kwanza tangu mazishi.

Hisham alikuja Ijumaa. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarukia wa thelathini.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Kwa ajili ya kaburi lake."

"Uliwatazama, Bi Zakiya?"

"Nlitazama shingo."

Akamgeuzia karatasi. Hapakuwa na jicho, pua wala mdomo. Kila kichwa kilikuwa cheupe kama yai.

"Alimuuliza shekhe wake," alisema Hisham, "akaambiwa picha ni uso; pasipo uso hapana kiumbe. Akazichana kurasa za mwanzo, akaanza upya. Nikamwambia, nani atanunua watu wasio na nyuso? Akanijibu, dada atasoma."

"Wino huu haufutiki?" aliuliza Zakiya.

"Huu? Umepenya mpaka nyuma."

Hisham akaondoka mikono mitupu.

Ndipo Zakiya aliposoma. Kitabu kizima kilikuwa nyumba yao ya Sib. Katika ukurasa mmoja msichana aliyejitanda mtandio amekaa sakafuni, kopo la maziwa mapajani, kalamu mkononi. Kitoto kimesimama kando yake kinamuuliza: "Anaumia?"

Jibu la msichana Thani aliliandika hapo hapo, karibu na shingo, na mstari umepita juu yake. Zakiya ameiinua karatasi ile juani mara nyingi. Halisomeki.