Kufuli Aliyoitaka Sagal

Sagal ni fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya msaada wa ukame pale Galbet, na Jumatano ile hakuna aliyebanwa kama yeye. Hifadhi ya mtandao, lile kasha linalotunza mafaili ya ofisi nzima, ilikuwa imejaa pomoni. Orodha ya kaya mia nne za Buna alikuwa nayo kwenye flashi, na haikuwa na pa kuingia. Saa sita kamili mitambo ya Nairobi ingechota majina kutoka kwenye kasha hilo tu, si kwa njia nyingine. Jina lisilokuwemo, mwenyewe hapati chakula msimu huu.

Dawa yake si ngumu: afute picha kuukuu, nafasi ipatikane. Akaandika amri ya kufuta. Ruhusa imekataliwa. Akajaribu kubadilisha mmiliki wa faili. Imekataliwa. Kwenye kompyuta yake ya Linux yeye ndiye mkuu, anaamuru apendavyo. Kasha lilimwona mpita njia tu. Miaka sita kazini, jamani, halafu mtu anazuiwa kufuta picha ya watu wakinywa chai mkutanoni.

Na kufuli hiyo nani aliitaka? Yeye mwenyewe. Miaka miwili nyuma majina ya Buna yalifutwa, haikujulikana na nani, na koo mbili nusura zishikane mashati. Sagal ana shangazi huko, eedo Hawo, dada ya baba yake. Akasimama kikaoni akashikilia: asiwepo tena mtu wa kufuta chochote. Mkubwa wake, Yarow, akalifunga kasha kwa nywila, kisha akaapa kwa Msahafu mbele ya wazee wa koo zote mbili kwamba nywila hampi mtu bila idhini yao. Baadaye akastaafu, akaenda kuchunga ngamia wake huko Bute.

Saa nne akampata kwa simu, akamwita adeer, yaani ami, kwa heshima. "Adeer Yarow, nakuomba. Ni watu wa Buna."

"Nimeapa, binti yangu. Wazee waniruhusu wenyewe, pande zote."

Wa upande mmoja walifika upesi. Wa pili walikuwa kwenye soko la mifugo, wakataka kwanza waambiwe ni jina la nani linafutwa. Sagal akaeleza mpaka koo likamkauka: hakuna jina, ni picha tu. Hawakumwamini, na kwa nini wamwamini? Kuogopa huko aliwafundisha yeye.

Walikubali saa saba na robo. Yarow akataja nywila, Sagal akajipa ruhusa, picha zikafutika papo hapo, na orodha ikaingia yote. Nairobi wakajibu kwamba muda umepita, wasubiri msimu ujao.

Simu ikalia. Ni eedo Hawo.

"Sagal, mnunuzi wa mbuzi yuko hapa tangu asubuhi. Nimemwambia angoje nikuulize. Kama chakula kinakuja, aende zake. Tumebaki na wanne tu, na wanangu wanakunywa maziwa yao."

Kwenye skrini jina la Hawo lilikuwa la saba. Sagal alilitazama.

"Wauze, eedo," akasema.