Pedali Iliyoguswa Saa ya Khutba

Haya yamenipata mimi mwenyewe, hayakumpata rafiki wa rafiki yangu, wala sikuyasoma kwenye simu ya mtu. Ungenisimulia wewe, ningekuwa wa kwanza kukucheka. Nimesoma fizikia chuo kikuu. Kwetu mtu akisema kaona jini, mimi huuliza: ulikuwa umekula? Ulikuwa na homa? Mwanga ulitoka upande gani? Shangazi zangu waliacha zamani kuyataja mambo hayo mbele yangu, wanasema nawaharibia utamu. Basi jua kwamba maswali yote utakayotaka kuniuliza, nshajiuliza. Halafu sikiliza.

Mimi napiga gitaa la besi. Tuna bendi ndogo hapa mjini, tunapiga harusini na mahotelini. Mbele ya miguu yangu huwa pana pedali moja ya ifekti, kijisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, ndogo, inaingia kwenye mkoba, lakini ndani yake mna sauti chungu nzima: za kunenepesha, za kukwaruza, za mwangwi. Chombo kama hicho siku hizi ni kompyuta. Kina programu yake ya ndani, na waliokitengeneza kila baada ya muda hutoa toleo jipya. Unalipakua, unaliingiza kwa waya, chombo kinazaliwa upya. Wapiga gitaa la solo hulishangilia kila toleo kama watoto siku ya Idi. Sisi wa besi tunaogopa. Kwa nini? Kwa sababu matoleo hayo hutungiwa wao. Wao wanaongezewa sauti mpya tele, sisi tunaahidiwa kwamba uzi mnene hautatetemeka tena kwenye oktava, ile ifekti ya kuishusha besi chini zaidi. Unaliingiza, uzi unatetemeka vile vile, na mipangilio yako yote imefutika. Mpiga besi mwenye akili, chombo kikifanya kazi, hakigusi.

Changu kikaacha kufanya kazi, na hapo ndipo nilipobanwa.

Pedali hiyo ina sehemu ya kurekodi kipande kifupi kikawa kinajirudia chenyewe. Siku moja, Mama yu hai bado, nilichomeka maikrofoni pale nyumbani Kikwajuni nikitaka kujirekodi mwenyewe. Mama alikuwa uani anakuna nazi huku akiimba taratibu wimbo wake wa kubembelezea watoto. Maikrofoni ikamnasa yeye. Kikanipendeza, nikakihifadhi.

Sasa elewa, Mama hakuwa mtu wa kurekodiwa. Alikuwa akisema sauti ya mwanamke haina kazi kwenye simu za watu. Simu yake ilikuwa ya kitochi, na katika maisha yake hakuwahi kumtumia mtu ujumbe wa sauti. Alipofariki, mimi na dada yangu Rahma, aliyeolewa Maskati, tukatafuta kila mahali. Kwenye video za harusi Mama yumo, lakini anaziba uso kwa kanga na hasemi neno. Sauti yake haikuwapo popote duniani isipokuwa ndani ya pedali yangu.

Najua unataka kuniuliza kwa nini sikuinakili. Nilikuwa naahirisha, kama watu wote. Siku nilipokaa kuinakili, ndiyo siku pedali ilipoanza kuganda. Ifekti nyingine zilifunguka vizuri. Nikifungua kile kipande tu, kioo kinaganda mpaka nichomoe umeme. Baadaye toleo jipya likatoka, na maelezo yake yakasema linatibu kasoro hiyo hasa. Chini yake, kwa herufi ndogo: rekodi zilizomo zinaweza kufutika. Unaona? Nisipoliingiza, Mama kafungiwa ndani. Nikiliingiza, huenda nikamfuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikampigia Seif. Seif ni fundi wa simu na vyombo vya muziki, ana duka Mlandege. Tumekua pamoja na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Yakhe, mwanafalsafa," akaniambia, "vitu vya thamani haviwekwi ndani ya bati. Ilete Ijumaa baada ya sala. Ntaifungua kwanza, nijaribu kukitoa hicho kipande, ndiyo tuiapdeti."

"Na nikija kabla ya sala?"

"Utasalimiana na kufuli. Unguja nzima weye peke yako ndiye usiyejua kwamba Mlandege inafungwa Ijumaa. Na uje umetoka msikitini, usije umetoka kitandani, nakujua."

Ijumaa asubuhi Rahma akanipigia kutoka Maskati. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Analia na kucheka kwa pamoja. "Kaka, nataka alale kwa sauti ya bibi yake. Hata mara moja tu. Nitumie leo." Nikamwambia leo. Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nikaichukua pedali nikaondoka, nikisema nitamngoja Seif pale pale nje ya duka lake.

Umewahi kupita Mlandege saa ya khutba? Pahala ambapo siku nyingine huwezi kunyanyua mguu bila kumkanyaga mtu, panakuwa panalia mwangwi. Milango imeteremshwa, vitambaa vimefunikwa maturubai. Jua liko utosini, na vipaza sauti vya misikiti mitatu au minne vinasema kwa pamoja. Nikaingia kwenye kichochoro cha Seif. Mlango wake ulikuwa nusu wazi.

Nikafurahi. Nikajua kanifanyia utani, kumbe kabaki ananingoja.

"Assalamu alaykum," nikasema. Hakuitikia. Alikuwa amekaa mahali pake, kanzu yake nyeupe, kofia yake, na lile kovu la kidevuni alilolipata tulipoanguka pamoja na baiskeli tukiwa wadogo. Alikuwa Seif, niamini. Ila Seif hawezi kuniona bila kunitukana, na huyu alinyoosha mkono tu.

"Ilete."

"Si ulisema utaifungua kwanza?"

"Haina haja."

"Na kipande cha Mama?"

"Kitabaki."

Akaichomeka pedali ukutani, akaiunga kwa waya na kompyuta yake. Kwenye kioo kidogo cha pedali namba zikaanza kupanda, kama zinavyopanda siku zote toleo likiingia. Mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi. Yeye uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi. Nikajiambia, amekaa karibu na feni.

Halafu umeme ukakatika.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Nje vipaza sauti vyote vikakatwa katikati ya neno, na kichochoro kizima kikawa kimya, kimya nisichowahi kukisikia mchana katika mji huu. Mtu yeyote mwenye chombo kama changu anajua maana yake. Umeme ukikatika toleo likiwa katikati, chombo hakiamki tena, kinabaki tofali.

"Seif! Umeme!" nikapiga kelele.

Hakunyanyua kichwa. Nikatazama. Kompyuta ilikuwa imezimika, kioo cheusi. Lakini pedali ilikuwa inawaka, na namba zilikuwa zinapanda. Pedali ile haina betri. Nimeifungua mara nyingi kwa bisibisi yangu, naijua ndani kama ninavyokijua kiganja changu. Haina betri.

"Inapata wapi umeme?" nikamuuliza.

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Si ulitaka kipande kibaki?"

Ungefanya nini? Namba zikafika mwisho, akachomoa nyaya, akanipa. Pedali ilikuwa baridi, baridi kama kitu kilichotolewa kwenye friji.

"Kaisikilize peke yako," akasema. "Ukiitwa, itika."

"Niitwe na nani?"

Alikwisha kunipa mgongo. Nikatoka. Nilipofika barabarani umeme ukarudi, na khatibu wa msikiti wa karibu akaendelea na khutba yake.

Njiani nilijipa majibu yote. Labda huyu bwana hana raha leo. Labda ndani ya pedali mna kitu kinachohifadhi umeme kidogo. Joto, njaa, usingizi. Nilipofika Kikwajuni nilikuwa nshajicheka. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikachomeka pedali kwenye spika yangu ndogo. Maikrofoni sikuiunga, gitaa sikuliunga, hilo nalikumbuka vizuri. Simu nikaiweka mbele ya spika, tayari kurekodi kwa ajili ya Rahma. Nikafungua kipande.

Hakikuganda.

Mbuzi ya nazi ikakwaruza, kwaru, kwaru. Na Mama akaimba. Nisikufiche, nililia. Sauti ilikuwa safi kuliko zamani, kama yuko pale pale uani na mlango uko wazi. Nikaingoja ifike pale inapokatika na kuanza upya.

Haikuanza upya. Wimbo ukaendelea, mistari ambayo sikuwa nimeirekodi. Halafu mkwaruzo ukasita. Nikasikia mbuzi ikisogezwa pembeni, mbao juu ya saruji. Nikasikia kanga ikikung'utwa. Na sauti ya Mama ikasema:

"Baba?"

Mimi nimepewa jina la babu, baba yake Mama, kwa hiyo Mama hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Baba. Hivyo hivyo, na kuuliza kidogo mwishoni.

Mama alinilea kwa maneno mawili juu ya kuitwa. La kwanza, mzazi akikuita usimngojeshe aite mara ya pili. La pili, ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, maana wasio watu hawaiti mara tatu. Maisha yangu yote maneno hayo mawili hayakuwahi kugongana. Siku ile yaligongana, na mdomo wangu haukuningoja.

"Naam," nikasema.

Nikasikia pumzi ikivutwa upande wa pili. Haikuwa pumzi ya Mama. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyekuwa akingoja jambo kwa muda mrefu na sasa amelipata. Kioo kikazimika, kikawaka tena, na kipande kikaanza kutoka mwanzo.

Mbuzi ya nazi ilikuwepo. Kwaru, kwaru. Mama hakuwepo. Pale alipokuwa akiimba palikuwa patupu, na mwisho wa utupu ule ikaja sauti yangu: "Naam." Nikaidaka simu. Simu ilikuwa imerekodi vilevile: nazi, na mimi.

Kesho yake nikaenda Mlandege mbio. Seif hakunipa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Mtu mzima hovyo! Nimekungoja jana mpaka alasiri! Kila pikipiki ikipita nasema ndiye huyu, kumbe mwenzangu kaikumbatia mito!"

"Seif, jana ulikuwa hapa saa ya khutba?"

"Nilikuwa safu ya pili, mgongoni kwa babake mke wangu. Kamuulize. Nimefungua duka baada ya sala, kufuli nililitia mwenyewe na ufunguo huu hapa." Akanitazama usoni, utani ukamtoka. "Una nini weye?"

Nikampa pedali. Akaiwasha, akatafuta kwenye kioo, akakunja uso.

"Hujaiapdeti bado, sio?"

"Imeapdetiwa jana."

"Na nani? Hii haijaguswa. Toleo ni lile lile la zamani."

Nikamfungulia kipande akasikiliza. Alipoisikia ile "Naam" akaiweka pedali mezani polepole, akafuta vidole kwenye kanzu. "Ichukue," akasema. "Wallahi, ndugu yangu, ichukue." Ni mara pekee ambayo Seif amewahi kuniita ndugu.

Nilikuwa bado nafikiri namna ya kumwambia Rahma aliponipigia yeye. "Kaka, nimemuota Mama," akasema. "Kakaa uani. Kafungua mdomo animbembelezee mtoto. Sauti iliyotoka ni yako."

Mpaka leo hajaniuliza tena ile rekodi.

Sasa nikwambie lililobaki. Maneno ya wimbo ule ninayo yote. Lakini nikijaribu kumsikia Mama akiyaimba, kichwani naisikia sauti yangu. Rahma vivyo hivyo, kaniambia mwenyewe: anamwimbia mtoto, na hakumbuki Mama alikuwa akiipandisha wapi na kuiteremsha wapi. Nimewauliza shangazi zangu, wale wale niliowaharibia utamu. Wanasema alikuwa na sauti nzuri mno. Nikiwaomba waiigize kidogo tu, wanafungua midomo, wanatazamana, wananyamaza.

Pedali ninayo, ipo juu ya kabati. Hukwaruza nazi nikiiwasha. Matoleo mapya yametoka, wapiga solo wamenishauri niyaingize, na mimi siyaingizi, kwa sababu mkono ule unaokuna nazi nadhani ni wake bado, na ndio uliosalia. Maelezo ya kitaalamu ya haya yote sina. Nimeyatafuta sana. Ukiyapata, nitafute, nitakushukuru.

Lakini kama una sauti ya mpendwa wako imefungwa mahali pamoja tu, inakili leo, kabla hujamaliza kunywa chai. Usimpe mtu chombo chako saa ambayo watu wote wameondoka na mlango mmoja tu uko wazi, hata kama mwenye mlango unamjua mpaka kovu lake. Na ukiitwa kutoka mahali ambapo aliyekuita hawezi kuwa, hata kwa jina lile ambalo yeye peke yake alikuwa akikuitia, jiume ulimi, ungoje. Usiogope kumkosea adabu. Mzazi wako akiwa ndiye, ataita tena, na tena. Mama hachoki kuita.