Shingo ya Kanzu ya Yusufu

Watoto wa kanisani walimwita Bi Sindano, na jina likamkaa. Siku za kazi alishona sare za shule kwenye baraza la muuza vitambaa; Jumapili alikuwa mwalimu wa watoto. Vifaa vyake vilikuwa blanketi la kijivu lililotundikwa ukutani na watu wadogo wa kitambaa aliowashona mwenyewe: Nuhu mwenye ndevu za pamba, Daudi, na Goliathi aliyekwisha kufumuka goti. Alisimulia, akabandika, watoto wakatulia tuli. Wengi waliokuwa wazazi sasa walikuzwa na blanketi lile.

Kisha akaja mke wa mwinjilisti mpya, akaanza naye kuwafundisha watoto. Kipya kinyemi kingawa kidonda, Bi Sindano alijiambia, atachoka huyo. Hakuchoka. Aliwatoa watoto nje wakazunguka ukuta wa maboksi wakipiga madebe mpaka ukaanguka. Aliwafunika mashuka wakakaa gizani, ndani ya tumbo la samaki. Na kila hadithi aliikata katikati kwa swali lile lile: "Ungekuwa humu ndani, wewe ungekuwa nani?" Mtoto akishajibu, anakwenda kukaa upande wa huyo aliyemchagua.

"Neno la Mungu si gauni la kujaribu," Bi Sindano alimwambia mteja aliyekuja kupunguziwa sketi. Mteja akasema mwanawe siku hizi anaamka mwenyewe Jumapili. Bi Sindano alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Ulikuwa wivu, tusiupake rangi. Ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Pengine angeumeza, kama si mjukuu wake, binti wa bintiye, aliyekulia chini ya meza ya cherehani akiokota vipande, na ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia Nuhu kabla ya kubandikwa. Huyo alimwambia siku moja, "Bibi, hadithi zako tunaziangalia tu. Kwa mwalimu tunaingia." Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliuma. Tangu hapo Bi Sindano alitaka kitu kimoja: watoto wake wamrudie, na huyo awe wa kwanza.

Mchungaji akatangaza kwamba watoto wataigiza mbele ya kanisa, na baada ya hapo wazee waamue darasa libaki mikononi mwa nani. Mke wa mwinjilisti akaja barazani na adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tunaigiza Yusufu. Kanzu yake hakuna wa kuishona ila wewe. Atavaa mtoto wa mzee wa kanisa, vipimo hivi hapa."

"Weka hapo."

Kushona ovyo hakuweza; mikono yenyewe ingekataa. Aliunga vipande vya kila rangi kwa mishono midogo, ndani pazuri kama nje. Ila shingo aliipunguza vidole viwili, na hakuweka kifungo. Kichwa kisipite, aliwaza, zogo lizuke nyuma ya pazia, watu waone kwamba michezo si mafundisho.

Asubuhi ya igizo mtoto wa mzee aliamka na homa. Yusufu aliyetokea kwenye pazia alikuwa mjukuu wake, maana ndiye aliyeyajua maneno yote. Alikuwa akisugua masikio. Walikuwa wamemsukumizia kanzu kwa nguvu. Bi Sindano akapapasa mkobani, akaushika mkasi.

Ndugu za Yusufu wakaja kumvua. Kanzu ikapanda hadi kidevuni, ikagoma. Nywele zilizosukwa zilikuwa zimelala wakati wa kuvaa. Sasa zilisimama na kuzuia. Wale ndugu wakavuta kwa bidii, kama walivyofundishwa. Watu walicheka, kisha sauti ya kilio ikatoka ndani ya kitambaa.

"Bibi! Bibi, sipumui!"

Hakumwita mwalimu. Bi Sindano alikuwa amengoja kwa miezi aitwe hivyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipita katikati ya mabenchi na mkasi wake mdogo, akaikata ile shingo, akamtoa mtoto akiwa amelowa jasho na machozi.

Mke wa mwinjilisti aliiokota kanzu, akapitisha vidole shingoni. Vipimo alikuwa amevichukua yeye mwenyewe. Akamtazama Bi Sindano, na Bi Sindano akangoja kuumbuliwa mbele ya wazee. Lakini yule mwanamke aliwageukia watoto, akauliza swali lake la siku zote.

"Mngekuwa humu ndani, mngekuwa nani?"

Wengi wakawa Yusufu. Mmoja akawa ngamia, kama kawaida yake ya kuchagua wanyama.

"Na bibi je?" mjukuu akauliza, akifuta kamasi.

Angeweza kusema ni Yakobo, baba aliyetoa kanzu. Ingependeza, na wazee wangeitikia kwa vichwa.

"Mimi ni mmoja wa ndugu zake," akasema Bi Sindano. "Yule aliyeanza."

Wakubwa walitazamana. Watoto hawakushangaa, lilikuwa jibu kama majibu mengine. Wakasogeana kwenye benchi la ndugu, wakamwachia nafasi. Mjukuu akamshika mkono, akampeleka, akamketisha.

"Kaa hapa, bibi," akasema. "Umeingia."

Kisha akaenda kuingia kwenye shimo la Yusufu, maana hadithi ilikuwa bado haijaisha.