Karavani Aliyoinunua Baba kwa Maksai Wawili

Enzi zetu kule Songwa, mtoto alikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga akalala ameshiba, na mwanasesere wake alikuwa gunzi la hindi. Basi nieleweni nilivyopigwa na butwaa siku baba alipofika nyumbani na trekta la kuazima, nyuma yake linaburuta nyumba. Nyumba nzima! Ina magurudumu, madirisha ya vioo, vitanda, hata bomba la maji. Ilikuwa karavani ya Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Baba alimpa maksai wawili.

"Umeikagua?" mama akauliza.

"Kama ninavyokagua ng'ombe."

Kweli, aliikagua hivyo hivyo. Alipiga magurudumu teke, akagonga ubavu, akafungua mlango kama anayetazama meno mnadani. Bati linang'aa, hana shaka. Tatizo ni kwamba ulikuwa mwezi wa nane, na mvua tulikuwa tumeisahau.

Karavani ikawekwa akiba kwa wageni wa heshima, yaani wakwe waliokuwa wanakuja kupatana mahari ya dada Minza, mkubwa wetu. Dada alimpenda yule kijana mpaka akawa anaunguza ugali. Sisi wadogo tulipigwa marufuku kuingia humo. Mimi niliingia. Mvua zilikuwa zimeanza, na niliporuka kutoka kitandani sakafu ilibonyea. Nikainua mkeka. Jamani! Zile tulizodhani ni mbao zilikuwa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na maji yaliyopenya dirishani yameyageuza uji. Nchi zilizoendelea, wanajenga hivi? Nikarudisha mkeka, nikanyamaza. Fimbo ya mama haikuwa na mjadala.

Siku ikafika. Tukapiga magoti, shikamoo, marahaba. Baba wa kijana, mzee wa kifua kipana, akakaribishwa karavanini apumzike.

Kraa!

Miguu yake ikatokeza chini, kati ya magurudumu, na makatambuga yake ya tairi. Shuka ilibaki juu. Mama akadondosha bakuli la maziwa, akageuka akijifunika uso kwa kanga, maana mapaja ya mkwe hayatazamwi. Nyuma ya jiko dada Minza alikuwa analia akisema, "Mayu wee, mama yangu, nimekwisha!" Nami nilitamani ardhi inimeze.

Wanaume wakamchomoa, magoti yamechubuka. Akajifunga shuka yake taratibu, akamgeukia baba.

"Mwenzangu, ng'ombe nitaleta. Ila niapie hapa hapa, hata mmoja hutamtoa kwa nyumba ya namna hii."

Baba akaapa. Ndipo watu wakathubutu kucheka.

Baba aliibomoa karavani, akabakiza ekseli na magurudumu, akaundia mkokoteni wa mbao za mninga. Ndio uliompeleka dada kwa mumewe, ukabeba pamba yetu miaka na miaka. Siku hizi wajukuu wananunua sofa linalong'aa, mwaka hauishi limelegea, na bado wananicheka nikigonga na kukandamiza kila kitu dukani. "Bibi, unatuaibisha!"

Mwaka jana dada Minza alikuja kunitembelea. Tukiwa tunamenya karanga akasema, kama anavyosema kila mara, "Baba mkwe wangu alikuwa mzito mno, Mungu amrehemu."

"Kweli, dada," nikamwitikia, nikaendelea kumenya karanga. Habari ya ule mkeka sijamwambia hadi leo.