Msusi wa Butembo na ndege ya rangi ya kucha

BUTEMBO. Saa mbili asubuhi ukungu bado umekalia vilima, na Ornella, mteja wa kwanza wa siku, ana nywele zilizosukwa upande mmoja tu. Upande wa pili umesimama wima kama umeona nyoka. Anajitazama kwenye kioo, anakohoa, anasubiri.

Msusi wake, Virginie Kavira, yuko kwenye kona ya saluni, ameinamia meza ya kucha. Ameshika kibanio cha kung'olea nyusi, na kwenye ncha ya kibanio kuna gurudumu dogo kuliko punje ya mahindi.

"Mama Virginie, na mimi?" anauliza Ornella.

"Vumilia kidogo, mama. Gurudumu inakauka. Nikiiachilia sasa itapinda, na ndege ya magurudumu ya kupinda itatua wapi?"

"Na mimi nikitoka hivi, nitatua wapi?"

Wanacheka wote wawili, lakini kibanio hakitikisiki.

Virginie, mama wa makamo mwenye vidole virefu na sauti ya kuimba, anaunda ndege yake ya pili. Ni zile ndege za plastiki zinazouzwa zikiwa vipande vipande ndani ya boksi, mnunuzi aziunganishe na kuzipaka rangi mwenyewe. Ya kwanza ndiyo iliyomfanya ajulikane kutoka hapa hadi Beni. Ndiyo pia iliyomtoa jirani yake gerezani, ingawa, kwa haki, ndiyo iliyomtia humo.

Jirani huyo ni Papa Vagheni, mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani ambaye duka lake limepakana na saluni. Mwaka jana, vita na vizuizi vya barabarani vikiwa vimewafukarisha wengi, yeye bado alipata njia ya kwenda Dubai kununua mali. Huko aliona boksi lenye picha ya ndege ya kijivu ikipasua mawingu. Akalipenda, akalinunua bila kulifungua.

Alilifungua Butembo, mbele ya watu, na kelele zake zilisikika hadi sokoni.

"Banaibia mimi! Banauzisha mimi ndege yenye ilishaanguka!"

Virginie alitoka na kitana mkononi, akatazama ndani ya boksi. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye fremu zake, vimepangika vizuri mno kwa kitu kilichoanguka.

"Papa Vagheni, hii haikuanguka," akamwambia. "Hii bado haijazaliwa."

Mfanyabiashara alimsukumia boksi lote. Alisema mutu mwenye anaweza kushona nywele moja na ingine hawezi kushindwa na ndege.

Shida zilianza siku hiyohiyo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kijapani. Mume wa Virginie, Timothée, ni mwalimu wa kwaya na amezoea kusoma noti. Aliigeuza karatasi juu chini, akaigeuza tena, kisha akairudisha.

"Hii wimbo siijui," akasema.

Gundi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa imekauka kama jiwe. Virginie akajaribu gundi ya fundi viatu, na mabawa yakateleza na kulala kama ya kuku aliyenyeshewa. Alikuwa karibu kukata tamaa alipomwaga kwa bahati mbaya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Tone liliangukia ukingo wa bawa na plastiki ikaanza kuyeyuka.

"Nililia," anasema. "Nikasema, sasa nimeua ndege ya mwenyewe. Nikaishika ili niipanguse, lakini vidole ikakataa kutoka. Ikanishika! Donc, basi, nikajua: kama inaweza kunishika mimi, itashika na bawa."

Tangu hapo hakununua gundi. Alichovya ncha ya brashi ya kucha ndani ya dawa, akagusa kipande na kipande, akabana na kuhesabu kimoyomoyo huku mteja akiwa amefunikwa taulo.

Rangi nayo alikuwa nayo ya kucha tu. Kijivu hakikuwepo. Kilichojaa kabatini ni waridi, ile inayong'aa kama ganda la konokono, kwa sababu wanawake wa Butembo hawakuipenda. Akapaka tabaka jembamba, akasubiri, akapaka jingine. Alipopaka nene, rangi ilijikunja kama maziwa yaliyochemka, akalazimika kuikwangua na kuanza upya.

Chini ya mabawa kulikuwa na mabomu mawili. Hapo Timothée, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anatazama tu, aliingilia kati.

"Papa Vagheni anasema atatoa hii ndege kwa kanisa. Sasa sadaka inabeba bomu?"

Virginie alifikiri, kisha akayapaka manjano na kuyachorea mifuniko myeusi. Yakawa majerikani ya mafuta ya mawese.

Wakati bawa la pili bado halijakauka, Vagheni aliteremka Beni, kwao mtaa wa Bungulu, kusali Jumapili. Kanisa lilikuwa linakusanya sadaka za mnada ili kuezeka upya paa la zahanati. Mmoja akatoa mbuzi, mwingine gunia la kakao. Vagheni, ambaye hapendi kupitwa, akasimama.

"Mimi natoa ndege!"

Hakuongeza neno. Anakiri mwenyewe kwamba vigelegele vilimnogea.

Mchana, soko la Beni lilijua kwamba Vagheni amenunua ndege. Jioni ilikuwa na injini mbili. Kesho yake ilikuwa imefichwa kwenye shamba la kakao, imefunikwa majani. Na kwa kuwa mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi walikuwa na ofisi ya kodi, mkuu wa ofisi hiyo, Chef Mbusa, akaagiza aletwe mwenye ndege.

Vagheni alieleza kwamba ni ya plastiki. Chef Mbusa akacheka.

"Dubai nzima inauza ndege, weye ukanunua ya plastiki?"

Akatupwa kwenye mahabusu, mahali ambapo watu walikuwa wanatoka wakichechemea.

Habari ilifika saluni kwa mdomo wa dereva wa pikipiki. "Papa Vagheni iko mu cachot. Banasema anaficha ndege. Anakuomba uilete, mbio, hata kama haijaisha."

Virginie alisita. Ana watoto, na barabara ya Beni ilikuwa ya kuogopwa. Lakini Vagheni ndiye aliyempa nusu ya duka wakati saluni yake ya kwanza ilipoporwa, na hakuwahi kumkumbusha. Akabandika usukani wa mkia, akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe neno SADAKA, akaacha alama zote za bendera za kubandika ndani ya boksi. Beni ya wakati huo, bendera yoyote ilikuwa ya upande fulani.

Aliiweka ndege kwenye beseni, akaifunika kitenge, akapanda pikipiki na beseni mapajani. Dereva alijisikia mtu mkubwa. Kila kijiji alipiga kelele, "Pisheni njia, tuko na ndege!"

Kizuizini, mwanajeshi mmoja aliinua kitenge kwa mtutu wa bunduki.

"Mama, oyo nini?"

"Ni ndege, mon commandant."

Hakuwa kamanda, na cheo hicho kilimlainisha. Aliinama, akasoma ubavu. "Sadaka. Hii ni compagnie gani? Siijui." Kisha akagusa bomu. "Na hii?"

"Mafuta ya mawese."

"Mafuta inalipa kizuizi."

Virginie akamwambia achukue jerikani moja, kama anaweza kupata mafuta ndani yake. Mwanajeshi alilikwanyua kweli, akalitikisa sikioni, akalitia mfukoni na kufungua kamba. Ndege ikaingia Beni na jerikani moja.

Kwenye ofisi ya kodi hakukuwa na mtu ila mlinzi.

"Chef yuko uwanjani," akasema. "Walituambia ndege inatoka Butembo leo. Ameenda kuipokea."

Virginie anapofika hapa katika simulizi yake, husimama na kushika kiuno. Maana ni kweli: Chef Mbusa alikuwa uwanja wa ndege, amevaa suti, amewapanga wanajeshi mstari, amewaamuru wafukuze mbuzi kwenye njia ya kutua ndege. Vagheni alikuwa amekalishwa chini pembeni, amefungwa mikono. Chef alikuwa anatazama mawingu kwa darubini.

"Ndege iko wapi?" aliuliza bila kuiteremsha darubini.

"Iko hapa, chef."

"Sioni."

"Uko unatazama juu sana."

Akatazama chini. Virginie akavuta kitenge. Joto la Beni lilikuwa limelainisha rangi, kitenge kikaondoka na kipande cha rangi ya waridi kutoka kwenye bawa. Kisha mbuzi mmoja akalia, na mstari wote wa wanajeshi ukapasuka kwa kicheko.

Chef Mbusa hakucheka. Uso wake ulikaza, mkono ukateremka kiunoni palipokuwa na bastola. Virginie aliona kwamba ndege imeonekana lakini Vagheni bado hajapona: mkubwa aliyechekwa na askari wake ni hatari kuliko mkubwa aliyedanganywa.

"Chef," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mstari, "ndege imefika salama. Hakuna mukubwa mwingine aliyekuja kuipokea. Ni weye tu. Tunaomba uikague."

Kicheko kikafa. Chef akaweka darubini mfukoni, akafunga mikono nyuma, akalizunguka beseni polepole. Akachuchumaa.

"Pilote?"

"Huyu hapa ndani."

"Mbona amepaka midomo?"

"Rangi ilimwagika, chef."

Kona ya mdomo wa Chef Mbusa ikatikisika. "Abiria?"

"Hakuna."

"Hakuna abiria, hakuna kodi," akatangaza, akainuka na kupangusa magoti ya suti. "Ndege imeonekana. Mufungue huyu mutu."

Alitaka kubaki nayo, kwa uchunguzi. Virginie akamjibu kwamba ilishatolewa kwa Mungu, na wa kuombwa ni Pasta Ananie wa kanisa la Bungulu. Chef hakupenda kugombana na Mungu mbele ya askari. Jumapili alikuja mnadani na familia yake, akashindana na mwenye shamba la kakao hadi waumini wakasimama juu ya mabenchi. Alishinda. Pasta Ananie anasema upande mmoja wa paa la zahanati ni wa ndege ile, na mvua haiingii tena wodi ya wazazi.

Vagheni naye amejifunza kumaliza sentensi zake kanisani. Alipokwenda tena Dubai alimletea Virginie boksi la pili kama shukrani, na ndilo linalomchelewesha Ornella leo.

Gurudumu limekauka. Virginie anaosha vidole, anarudi nyuma ya kiti, anagawa nywele. Anasema kazi hii ya kuunda ndege inampa kitu ambacho miaka hii ya vita haikumpa, "kuona vitu vyenye kuvunjika-vunjika vinaingia kila kimoja mahali pake." Akipata chumba kikubwa, angependa kuwafundisha wasichana waliokimbia vijiji kusuka, na wenye mkono mtulivu, kuunda.

Lakini ndege, anasema, basi. Hii ni ya mwisho. Tayari amemwagiza Vagheni kitu kingine.

"Aniletee meli. Kubwa, ya bahari. Butembo hapana bahari, hapana ziwa, hapana hata mto wenye kina. Tuone nani atasema ninaificha wapi."