Vidonge vya Mwalimu Cephas

Si kweli kwamba daktari wa wagonjwa wa nje pale Homa Bay alimgawia mwalimu Cephas dawa za wazimu kama karanga. Mke wa mwalimu alikuwepo na aliona. Daktari hakuwa na haraka. Mgonjwa akilalamikia kichwa au moyo kwenda mbio, alimwuliza kwanza usingizi humtoka saa ngapi, kisha kama chakula bado kina ladha, na huku akiuliza alifuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe, ili mgonjwa asijione anakodolewa macho. Siku ile mama mmoja wa Rusinga alichungulia mlangoni. “Daktari, hizo dawa za mwalimu ni za kichaa?”

“Mama, wewe umetuletea mguu,” akajibu bila kugeuka. “Rudi ukae na mguu wako, nakuja.” Benchi zima likacheka, na jina la mwalimu likapona. Kisha akafunga vidonge vya wiki moja tu kwenye karatasi. “Kinywa kitakauka upesi, lakini nafuu itachelewa. Msiviache.” Mwalimu akanyoosha mkono. Daktari akaupita, akaviweka kiganjani mwa mke na kumfumba vidole taratibu, kimoja kimoja. “Vikae kwako, mama. Kila jioni umpe wewe, kimoja tu, vingine uvifiche.”

Muhula uliofuata mwalimu alirudi darasani, akafundisha miaka mingi hadi uzee ulipomchukua. Wakwe bado humwuliza mjane kwa nini vidonge havikukaa na mwenyewe. Wacha waulize. Hatasema.