Chupa Sita Zisizo na Jina

Mpimaji wa maziwa ya akina mama alikuwa roho juu asubuhi nzima. Tangu ajifungue alikuwa akigandisha chupa moja ya maziwa yake kila mwezi, na leo alizipenyeza zote sita katikati ya chupa za wateja, bila jina. Ya sita ilitoa protini nusu ya ile ya kwanza. Akaipima tena. Akasafisha mashine, akapima mara ya tatu. Namba haikubanduka. Kufika saa nne karanga alizonunua ili kuongeza protini zilikuwa zimekwisha, na mama mkwe alishapiga simu kutoka nyumbani kuuliza maharage haya yote yaliyoletwa ni ya nani.

Mkuu wa maabara akaokota karatasi ya majibu ya zile chupa sita.

"Huyu mama umeshampa majibu?"

Mpimaji akajifanya anafuta meza iliyokwisha kung'aa.

"Protini inashuka kadiri mtoto anavyokua, kama kwa wote," mkuu akasema. "Dang'a ya siku za mwanzo ndiyo nzito. Si ndivyo unavyowaambia kila siku, wakaondoka wametulia? Mbona huyu unamwacha ahangaike, dada?"

"Huyu ni mbishi," mpimaji akasema. "Nimemwambia tangu asubuhi."